Sanduku Lenye Jina la Kemunto

Sehemu ya kumi na moja

Simu bado iko sikioni, na mkono wa kulia wa Metrine bado umo ndani ya sufuria ya mchele. Hapo ndipo tulipomwacha. Wiki nzima imepita, mchele umevimba, naye hajapumua.

"Nimekuuliza," sauti ya Mama Jerioth ikarudia kutoka Kisii, polepole, kama mtu anayekanyaga tope. "Watu wa uwanja wa ndege wamenipigia. Wamesema sanduku limefika kutoka Saudia. Juu yake pameandikwa Kemunto, binti Jerioth. Sasa wewe unayeniita mama kila Ijumaa, wewe ni nani?"

Aliyechelewa kufika barazani nitamsogezea mkeka kidogo. Metrine ni mtoto wa Bungoma, yaya wa nyumba moja mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh. Siku aliyofika, madam alimpa simu kuukuu yenye laini ya msichana aliyemtangulia. Ijumaa ya kwanza ikalia. "Kemunto, mwanangu! Miezi mitatu hujanisemesha!" Mama mzima akalia kwa furaha. Metrine alifungua kinywa aseme ukweli, ikatoka "Ndiyo, mama."

Ndiyo hiyo moja imezaa Ijumaa ishirini. Sauti ikishukiwa, lawama zote hupewa mafua ya kiyoyozi.

Metrine akatazama mlango wa jikoni. Hakuna mtu. Akatazama miguu yake. Ndala alizovaa zilikuwa za Kemunto. Alizikuta chini ya kitanda, zikamtosha kana kwamba alipimwa akiwa usingizini.

"Ni mimi, mama," akasema. "Niko hai."

Huko Kisii jogoo akawika. Kisha kicheko kidogo chenye machozi.

"Nimewaambia! Nimewaambia sauti ya mwanangu naijua! Lakini baba yako mdogo Elkanah hasikii. Anasema wazungu wa ndege hawabebi sanduku tupu. Kaburi limeshaanza kuchimbwa. Jumamosi saa nne ukoo wote utakuwa hapa uani, na nitakupigia mbele yao, simu ikiwa kwa sauti kubwa. Elkanah atakuuliza mambo ya nyumbani. Ukishindwa, sanduku linashuka. Na mtoto akishazikwa jina lake, Kemunto, hata arudi na miguu yake miwili hakuna wa kumfungulia mlango. Unajua."

Metrine hakujua. "Najua, mama."

"Basi uongee vizuri. Usinitie aibu kwa kuwa maiti."

Simu ikakatika.

* * *

Madam akaingia akizungusha funguo za gari kidoleni. Tangu wanawake waruhusiwe kuendesha, funguo hizo hazijawahi kulala mezani. Watu husema huenda nazo hata msalani.

"Kemunto, wali uko wapi?"

Kwa mara ya kwanza katika miezi mitano, Metrine hakuitika.

"Madam, Kemunto ni nani?"

"Wewe."

"Yule wa kwanza."

Funguo zikaacha kuzunguka. Madam akarudisha mlango, akashusha sauti.

"Alikimbia. Halafu akafa, Jeddah, hospitalini. Baba watoto aliitwa kwa sababu yeye ndiye kafili, mdhamini wake, akasaini mwili urudi kwao. Halas. Usilitaje jambo hilo mbele ya watoto, wataota."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekaa?"

"Na jina lake, madam? Mbona mnaniita kwa jina lake?"

Madam alimwangalia kwa mshangao wa kweli, kama aliyeulizwa kwa nini mlango unaitwa mlango.

"Watoto wamelizoea. Siku ukiondoka wewe, atakayekuja naye ataitwa hivyo hivyo. Yalla, wali. Na ufunge mizigo. Kesho kutwa, Ijumaa, tunakwenda Jeddah, nyumba ya mama imepigwa rangi ya kubomolewa."

Akatoka. Metrine akabaki na ndala za maiti miguuni, jina la maiti kichwani, na miadi ya maiti Jumamosi saa nne.

Akazivua ndala. Sakafu ilikuwa baridi. Akazivaa tena.

* * *

Ijumaa, safari. Madam mbele na watoto katika gari lake jeupe. Nyuma, gari la mizigo, Omondi akiwa usukani na Metrine pembeni, amepakata birika la shaba kama mtoto mchanga.

Omondi ni mtu wa Siaya. Dereva wa nyumba hiyo mwaka wa saba, na mdomo wake haujawahi kupata likizo.

"Unaona maisha, sister? Zamani nilikuwa nambeba madam. Sasa madam anajibeba, mimi nabeba magodoro. Mwakani magodoro yatapata leseni, nirudi kwetu."

Metrine hakucheka.

"Ai, hata hiyo? Basi nikupe nyingine. Juzi wale mainjinia wetu wa Nairobi, wa maghorofani, wamefurahi sana. Sheria mpya, mtu anabadilisha kafili kwa kidole, kwa simu! Nikamwuliza mmoja, na sisi wa majumbani? Akaniambia, 'Boss, nyinyi hamumo.' Mgeni mwenye tai amepita mlango wa mbele. Sisi bado tuko wa jikoni."

Barabara ya Riyadh kwenda Jeddah imenyooka mpaka ngamia husinzia wakiitazama. Kwa joto lile Omondi aliapa amewahi kukaanga mayai mawili juu ya boneti, akala kwa chumvi. Walikuwa wamekwenda kilomita mia tatu hivi Metrine alipofungua kinywa.

"Omondi. Kemunto amekufa kweli?"

Gari likayumba. Lori likawapigia honi ndefu.

"Nani amekuambia habari za Kemunto?"

Akamweleza yote: Ijumaa ishirini, sanduku, kaburi, saa nne. Omondi hakutia mzaha hata mmoja, na hilo lilimtisha Metrine kuliko habari yenyewe.

"Mimi ndiye niliyempeleka stesheni ya basi," hatimaye akasema. "Alinililia. Madam akijua, mimi kwishney. Nilimwambia ashuke Jeddah, aende mtaa wa Karantina, amwulizie mama mmoja Mkisii anayepika chapati. Huko watu weusi ni wengi, mtu anapotea kama tone kwenye mtungi."

"Halafu akafa."

"Ndivyo karatasi zinavyosema. Baba alisaini bila kuuona mwili. Mimi ndiye niliyempeleka kusaini, aliingia akatoka kabla AC haijapoa." Akapunguza mwendo. "Lakini sasa sikia. Mwezi uliopita simu yangu ililia. Namba ya humu humu. Naitika, mtu analia tu. Nikasema nani? Akasema, 'Omondi, ni Kemunto,' halafu akashindwa kuendelea. Alikuwa ameshakufa miezi mitatu, Metrine! Nilitupa simu kwenye ndoo ya kuoshea gari."

"Wafu hawapigi simu."

"Wa kwenu labda."

Nje hakukuwa na kitu ila mchanga, na katika kioo cha pembeni Metrine alijiona, akaona kama sura ile inachelewa kidogo kumfuata anapogeuka.

"Una namba?"

"Iliingia majini na simu. Lakini Karantina siijui? Nitakupeleka." Akajilazimisha kutabasamu. "Nina dada mkaidi kama wewe. Zipporah. Alikuwa Dammam, kwa watu wabaya kidogo. Akaniambia anataka kutoroka kama huyo Kemunto niliyemsimulia. Nikamwambia vumilia, usiniharibie kazi. Basi, amenuna, miezi saba sasa hanipigii. Tangu utoto ni hivyo. Mimi nilimkata kidole kidogo cha mkono wa kushoto tukipasua kuni, akakaa wiki mbili hanisemeshi. Na mimi ndiye niliyelia!"

Akacheka peke yake mpaka Taif.

* * *

Ruwais, Jeddah, Jumamosi asubuhi. Nyumba ya mama yake madam ilikuwa ya zamani, karibu na bahari, nao waliokuwa wakiishi hapo wakati wa wavuvi hawakuwepo tena hata wa kusimulia. Ukutani paliandikwa kwa rangi nyekundu neno la kuwaambia watu wahame. Mtaa mzima ulikuwa na neno hilo, mlango kwa mlango.

Bibi mwenye nyumba alikaa juu ya kiti barabarani, hataki kuingia, hataki kuondoka. Alipomwona Metrine akamshika mkono.

"Kemunto," akasema. "Wewe si ulikufa?"

"Bibi anachanganya," madam akadakia. "Omondi, peleka magodoro haya yakatupwe. Nenda na huyu akusaidie. Mrudi kabla ya adhuhuri!"

Saa tatu na nusu. Gari halikuelekea jalalani.

* * *

Karantina ilikuwa nusu mtaa, nusu kifusi. Tingatinga zilinguruma ng'ambo. Nyumba nyingine zilikuwa zimeondolewa ukuta wa mbele, ukaona jiko la mtu, kalenda ya mtu, msumari ambao mtu aliutundikia kanzu yake kila jioni. Mama wa chapati alikuwa amehama. Mzee Mhausa aliyekuwa akifunga virago aliwaelekeza kwa kidevu: ngazi ile, juu, mlango usio na mlango.

"Tangulia," Omondi akasema. "Nigeuze gari kwanza."

Gari halikuhitaji kugeuzwa.

Metrine akapanda. Ndani ya chumba, mwanamke aliyevaa abaya iliyopauka alikuwa akikunja blanketi. Hakugeuka.

"Natafuta mtu anayeitwa Kemunto," Metrine akasema.

"Umechelewa. Amesafirishwa kwao kwa sanduku." Akageuka. Mwembamba, macho makubwa, uso wa mtu aliyesahau kuonwa. Macho yakashuka mpaka miguuni mwa Metrine. "Hizo ndala ni zangu."

Nywele zilimsimama Metrine. Lakini marehemu alikuwa na jasho puani, na marehemu hawatoki jasho.

"Dada, mimi niko kwa madam wako. Nina laini yako. Mama yako amekuwa akinipigia…"

"Kumbe ni wewe!"

Kemunto alimjia mpaka wakakaribia kugusana vipaji vya uso.

"Ulikuwa wewe! Nilipopata simu nilimpigia mama. Namba yake ikawa inatumika. Ilikuwa Ijumaa! Nikapiga kesho yake, nikasema mama, ni Kemunto. Unajua aliniambia nini? 'Koma, tapeli! Mwanangu nimeongea naye jana!' Alidhani mimi ni wale wafungwa wanaoibia watu kwa simu. Nimempigia mara nne. Mara nne mama yangu amenitukana, kwa sababu yako!"

Metrine akazitazama ndala. Alidhani siku zote anampa mama mtoto. Kumbe alikuwa anampokonya.

"Nilimhurumia," akasema.

"Ungemhurumia kwa ukweli."

"Na sanduku? Ndani kuna nani?"

Hasira ikamtoka Kemunto kama maji. Akakaa juu ya blanketi.

"Tulikuwa wawili humu. Alijiita Hawa, Karantina hakuna anayetaja jina lake. Akapata homa, kifua kikabana. Hana karatasi hata moja, anaogopa hospitali watamwuliza. Nikampa ikama yangu, kile kitambulisho cha kuishi huku. Ina picha, lakini uso umefunikwa, na kwa wale wa mapokezi sisi weusi sura zetu zote ni moja. Nilimwambia ukipona utanirudishia, naye akaninong'oneza watu wake ni nani." Akajifuta uso. "Alikufa na jina langu. Tangu siku hiyo mimi nipo, lakini sipo. Nikienda popote kusema mimi ni Kemunto, Kemunto ameshasainiwa."

Simu ikalia mkononi mwa Metrine. Saa nne kamili.

"Ni mama yako," Metrine akasema. "Wako kaburini. Chukua. Ongea, la sivyo wanakuzika."

* * *

Chumba kikajaa Kisii. Mbwa, kikohozi, wanawake wakiimba wimbo wa kanisa kwa mbali, na sauti nzito ya mwanamume.

"Mimi ni Elkanah, nasema mbele ya ukoo. Nani huyo?"

"Ni Kemunto, baba mdogo."

"Ng'ombe aliyekung'oa jino aliitwa nani?"

"Nyang'au. Na hakuning'oa yeye, nilianguka nikimkimbia. Wewe ulikuwa juu ya mti unacheka."

Minong'ono. Mtu akasema, "Ni kweli, alikuwa juu ya mti!"

Lakini sauti ya Mama Jerioth ikapasua katikati yao.

"Huyo si yeye! Ni yule tapeli! Namjua huyo, amenisumbua mara nne! Habari za ng'ombe kijiji kizima kinazijua. Wewe mwanamke, umemfanya nini mwanangu?"

"Mama, ni mimi…"

"Kama ni wewe, Ijumaa ile ya mvua ya mawe, paa lilipotoboka, uliniambia nikalale wapi?"

Kemunto akamgeukia Metrine. Midomo yake ilitikisika bila sauti.

"Amenyamaza!" mama akalia. "Basi mwanangu yuko humo ndani ya sanduku! Elkanah, shusheni! Shusheni tu!"

Kamba zikasikika zikivutwa juu ya mbao.

Metrine aliitazama simu. Akisema ukweli sasa, nani atamwamini mgeni wa tatu? Akisema uongo, mtoto atapona, lakini mama atabaki na mtoto asiye wake milele. Kemunto alishaelewa. Alifumba macho, akampa simu, akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayetoa nguo yake ya mwisho.

"Mama," Metrine akasema. "Nilikwambia ulale jikoni, juu ya magunia ya majani chai, mguu wako mbaya ukielekea motoni."

Kamba zikanyamaza.

"Huyu ndiye," Mama Jerioth akasema kwa upole mkubwa. "Umechelewa kuongea, mwanangu. Nusura nikuzike."

Kemunto aliuma ncha ya mtandio wake ili asisikike akilia. Alikuwa amefufuliwa, na mama yake hakujua kwa sauti ya nani.

Huko uani Elkanah alikohoa.

"Jamani, mmoja anajua ng'ombe, mwingine anajua Ijumaa. Kemunto yuko hai mara mbili! Sasa huyu wa kwetu hapa ni nani? Leteni nyundo."

"Karatasi inasema lisifunguliwe!" mtu akapiga kelele.

"Karatasi hiyo hiyo inasema ni mtoto wetu. Nyundo!"

Ngazi zikalia nyuma. Omondi aliingia na chupa tatu za maji, amejikusanyia ujasiri, tabasamu limerudi mahali pake. Akamwona Kemunto.

"Haa! Marehemu! Kumbe kule mbinguni hamlishwi?"

Kemunto hakucheka. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akamtazama dereva yule kwa macho ya mtu anayeona gari likimjia mtoto.

"Omondi," akasema. "Nilikupigia. Nilishindwa kusema. Omondi, toka nje kidogo. Tafadhali."

"Nitoke kwa nini?"

Simu ikatoa mlio wa mbao kupasuka. Wanawake wakapiga yowe, kisha wakanyamazishwa.

"Ni msichana," Elkanah akasema taratibu. "Si Kemunto. Kwetu simjui. Mumtazame vizuri nyote, isije ikasemwa tulimfukia mtoto wa watu kama jibwa. Ana shuka ya hospitali. Mkono wa kulia ni mzima. Mkono wa kushoto…" Akasita. "Mkono wa kushoto hana kidole kidogo. Ni kovu la zamani. La shoka."

Chupa ya kwanza ikaanguka. Ya pili. Ya tatu Omondi aliishikilia, akaiminya mpaka maji yakamtiririka kwenye viatu.

"Mnanisikia huko?" Elkanah akauliza. "Jua linapanda, na shimo liko wazi. Kama ana mtu, mtu huyo aseme sasa. Tutamwekea kivuli, tutawangojea watu wake. Kama hana, tutamzika hapa, bila jina."

Omondi alinyoosha mkono. Metrine akampa simu. Akaisogeza mdomoni, akafungua kinywa kile ambacho hakijawahi kukosa neno.

Ndipo simu yake mpya ikaanza kulia mfukoni. Chini, barabarani, honi ya gari jeupe ilikuwa inapigwa, mara moja, mara mbili, na sauti ya madam ikapanda ngazi: "Omondi! Nimeona gari! Uko juu na nani?"

"Aseme sasa," Elkanah akarudia.

Na Omondi, macho yakiwa mlangoni, akasema…